Ua la Pamba katika Kitabu cha Mzee Kamili

Ukiuliza Kahama mjini Coletha ni nani, watu watakukodolea macho. Uliza Mama Nelly wa mabango, hapo utapelekwa hadi mlangoni, na njiani utaonyeshwa kazi zake bila kuomba. Yule nguruwe anayecheka kwenye ukuta wa kitimoto, wake. Ramani ya Afrika kwenye ukuta wa shule, yenye Ziwa Viktoria lililovimba mpaka likaimeza nusu ya Uganda, yake pia. Alisema mtu wa Kanda ya Ziwa hawezi kulichora ziwa lake likawa kidimbwi, na mwalimu mkuu, Mzinza aliyekulia kando ya ziwa hilohilo, akampa mkono. Wale wanawake wa kwenye saluni za Nyasubi, mtaani kwake, wenye macho yanayokufuata mpaka kwa muuza mihogo, wote wamezaliwa mikononi mwake. Mwenyewe ni mfupi, mcheshi, na hata akienda kukomunika Jumapili kucha zake zina rangi ya mafuta.

Kazi alifundishwa Ushirombo, kwao, na mtawa mmoja mzee wa misheni aitwaye Sista Klara. Sista alimpa msichana yule brashi ya manyoya machache na kumweka mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, amrudishie mng'ao wa dhahabu kuzunguka kichwa. "Ukipaka dhahabu, bana pumzi," Sista alimwambia. "Ukikohoa tu, mtakatifu anabaki na upara." Coletha akabana pumzi, Yosefu akapata mng'ao wake, na tangu siku hiyo binti akawa haambiliki kuhusu jembe.

Lakini kila zama na kitabu chake. Zikaja mashine za kuchapisha mabango ya plastiki. Mtu anaingia dukani asubuhi, anatoka kabla ya chai na bango lenye picha ya simu, picha ya kuku, na picha yake mwenyewe ameng'arishwa uso mpaka mkewe hamtambui. Nani tena atamsubiri Mama Nelly akaushe rangi juani? Wateja wakapungua, kisha wakapotea. Mumewe Marselino, aliyekuwa mchimbaji wa dhahabu kabla mgongo haujamgomea, akaanza kusema mambo ya kuhamia Kagongwa kuuza mchele.

"Mchele hauna mashine ya kuushinda," alisema. "Watu watakula tu."

Coletha aliumia. Hakuwa mtu wa kujificha, aliumia na akasema: "Marselino, mimi nikiacha brashi nitakuwa mtu wa kukaa tu nasubiri kuzeeka." Hata hivyo alijua mumewe hakosei. Alikwisha kuanza kuzifunga brashi zake kwenye kitambaa siku ile Mzee Kamili alipobisha hodi.

Mzee Kamili ana duka la vitambaa karibu na soko. Ni Mbulushi, wazee wake walitoka upande wa Uajemi, wakapita pwani, wakakaa Tabora, ndipo wakaja Kahama, na yeye mwenyewe anaongea Kisukuma cha kumshinda Msukuma aliyesoma. Siku hiyo alikuja amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kilemba, kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.

"Shikamoo mzee, karibu ndani."

"Marahaba, Mama Nelly. Nawa mikono kwanza, kisha ukae."

Coletha akanawa, akakaa. Mzee akafungua kilemba. Kilikuwa kitabu. Sasa, Coletha ameona vitabu. Ameona hata misale ya kale ya misheni yenye herufi nyekundu. Lakini hiki kilipofunguliwa alisahau kumjibu mzee. Katikati ya kila ukurasa palikuwa na mashairi ya Kiajemi, mistari mifupi iliyolala upande kidogo kama majani yaliyopigwa na upepo, ndani ya fremu ya dhahabu. Nje ya fremu, pembezoni pote, palikuwa na bustani: ndege, swala, makomamanga, miti mirefu iliyochongoka, na maua ambayo hakuyajua hata moja. Vyote vilichorwa kwa brashi, na vidogo mpaka unajiuliza mchoraji alikuwa na macho ya nini.

"Mama yangu wee," alisema. "Huyu alibana pumzi maisha yake yote."

Mzee Kamili akatabasamu, kisha akaeleza shida yake. Kitabu kilikuwa cha bibi wa bibi yake. Kiajemi kilishawatoka zamani, hakuna hata mmoja katika ukoo aliyeweza kusoma mstari. Lakini kila binti wa nyumba ile akiolewa, anakaa mbele ya watu, anafumba macho, anakifungua kitabu popote mkono unapoangukia. Kwa kuwa maneno hayasomeki, husomwa picha. Shangazi mkubwa ndiye anayesoma, naye alifundishwa na shangazi yake. Ndege ni safari njema. Komamanga ni watoto. Mti uliochongoka ni subira. Swala ni mume wa kukimbizana naye.

"Na mke wangu mimi angefungua nini?" Marselino aliuliza kutoka mlangoni.

Binti wa mwisho wa mzee, Shirini, alikuwa anaolewa. Na paa la stoo lilikuwa limevuja masika yaliyopita, maji yakaosha fremu za dhahabu kwenye kurasa kadhaa. Mzee alitaka zirudishwe. Watu wa makumbusho wangemwambia asiguse, alijua, lakini kitabu hiki hakikuwa cha makumbusho, kilikuwa cha kuolewa. Alikwenda kwa vijana wa mashine, wakamwambia wanaweza kumpigia picha na kumchapishia kipya kwenye plastiki, hata kikinyeshewa hakiharibiki. Alisimulia hilo kwa hasira.

Coletha akafungua kile kitambaa, akazitoa brashi zake zote.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya raha nyumbani kwao kuliko zote za mwaka ule. Dhahabu ilitoka kwa sonara mmoja pale mjini, aliyeiponda ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Marselino alikwenda porini kutafuta utomvu wa mgunga, akarudi na donge linalong'aa kama sukari guru na miiba kwenye suruali. Coletha akaisaga ile dhahabu kwenye sahani kwa asali, kwa kidole, taratibu, mpaka ikawa uji. Akaiosha, akaichanganya na utomvu ili ishike karatasi, akabana pumzi, akaanza kupiga mstari. Marselino alikaa pembeni akitazama na kucheka peke yake. Alisema amezama kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya Geita na ya Bukombe, amekimbilia kila rashi, kila penye uvumi wa dhahabu mpya, na hajawahi kuona dhahabu ikitoka mfukoni na kurudi kwenye karatasi.

Fremu ya mwisho ilipokwisha, Coletha aliacha kitabu wazi mezani karibu na dirisha, akatoka kwenda kununua mboga.

Hapa lazima ujue jambo moja la wachimbaji. Mchimbaji akiokota jiwe na kulitilia shaka, halipeleki kwa mtaalamu. Analilowesha kwa mate, analisugua kwa kidole gumba, analigeuza juani. Kama dhahabu imo, itamkonyeza. Mkono unafanya hivyo wenyewe, hata miaka mingi baada ya mtu kuacha shimo. Sasa Marselino akaingia chumbani, jua la asubuhi limepiga ukurasa, na kwenye kona ya chini palikuwa na ua la dhahabu, la yule mchoraji wa kale, linameta kama jicho la paka. Mkono ukatangulia, akili ikabaki nyuma inatafuta viatu. Akalamba kidole gumba, akasugua.

Coletha alimkuta amesimama dirishani, kidole juu, uso umejaa furaha.

"Mama Nelly! Ni yenyewe! Ni yenyewe kabisa!"

Mke akatazama kidole. Kilikuwa kinang'aa. Akatazama kitabu. Pale palipokuwa na ua palikuwa na doa la kijivu, upana wa kidole gumba cha mchimbaji, na kidole gumba cha mchimbaji si kidole cha karani.

Coletha hakupiga kelele, na hapo ndipo Marselino alipoogopa. Mkewe alikaa kitini, akaweka mikono mapajani, akaanza kulia polepole. Marselino akapiga magoti.

"Tuseme ni mjusi," alinong'ona. "Mjusi kapita, kajikojolea."

"Mjusi gani ana kidole gumba, Marselino?"

"Basi tuseme mtoto wa jirani."

"Toka mbele yangu kabla sijakupaka rangi."

Aliwaza yote. Aliwaza kunyamaza, maana kona ilikuwa ndogo na kurasa nyingi. Lakini akamfikiria yule binti, amekaa mbele ya watu wake wote amefumba macho, na kitabu kile kimechafuliwa nyumbani kwa Coletha. Hakuweza. Akafunga kitabu kwenye kilemba, akajitanda kitenge, akaenda dukani kwa Mzee Kamili miguu ikiwa mizito kama ya mtu anayekwenda msibani.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, na mteja aliyekuwa anachagua vitenge akaweka chini alichoshika, akaondoka.

"Kitabu hiki kimevuka bahari!" alisema mzee. "Kimefika Tabora kichwani kwa mpagazi! Vita viwili vikubwa vimepita, mchwa wamepita, mafuriko yamepita! Leo kije kilambwe Nyasubi?"

Shirini, aliyekuwa nyuma ya kaunta anapima kitambaa, alicheka. Kicheko kilimtoka tu. Halafu akaona uso wa baba yake, na wake ukabadilika.

"Baba, sasa mimi nitafungua nini? Nitakuwa wa kwanza kukaa bila kitabu?"

Mzee akakivuta kitabu karibu. Aligeuza kurasa mpaka kwenye doa, akalitazama muda mrefu. Harusi ilikuwa karibu, dada yake mzee, Zuleha, yule shangazi mkubwa anayesoma picha, alikuwa tayari anafunga mizigo Tabora, na hapakuwa na fundi mwingine kati ya Kahama na bahari.

"Lifunike doa," alisema mwishowe. "Lakini nisikilize vizuri, Mama Nelly. Waliochora humu walichora bustani walizozijua. Usinichoree ua la kubuni. Ua ambalo hujawahi kulishika usiliweke humu."

Hilo lilimtesa kuliko matusi. Waridi ameliona kwenye kadi za harusi tu. Maua ya mle kitabuni yote yalikuwa madogo, lolote angelichora doa lingechungulia pembeni. Alijaribu kwenye karatasi ya kawaida, akachana. Akajaribu tena, akachana. Ni ua gani alilolishika kwa mikono yake, lenye upana wa kidole cha Marselino? Alikuwa anachambua mchicha alipolipata jibu, akaangusha sufuria.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi mashambani, nje kabisa ya mji, akasimama kwenye shamba la pamba.

"Mwangaluka, mayo!" alimsalimu kwa Kisukuma mama aliyekuwa anapalilia. "Naomba maua mawili."

"Mwangaluka! Maua ya pamba ya nini? Unaumwa?"

"Nataka kuyachora."

Mama yule alicheka mpaka akaegemea jembe, lakini alimchumia mwenyewe. Coletha alichora ua lile pale doa lilipokuwa, pana, la njano ya siagi, limefunguka kama kikombe. Karibu yake, kwenye tawi hilohilo, akaweka jingine la rangi ya waridi lililoanza kujikunja. Ukingoni akapitisha uzi wa dhahabu. Mvua zilikuwa zinanyesha, rangi ikakataa kukauka, hivyo kitabu kikalala wazi kwenye ukurasa ule siku baada ya siku, kimekandamizwa kwa vijiwe viwili, na Marselino haruhusiwi chumbani hata kuchukua kofia.

Mzee Kamili alipoletewa, alitazama, akafunika. "Zuleha ndiye atakayesema," alisema, na wala hakukaribisha chai.

Siku ya harusi ua wa nyumba ya Mzee Kamili ulijaa watu. Ndoa ilikwisha fungwa, pilau limeshuka jikoni, na Coletha na mumewe wamekaa viti vya nyuma kabisa, mke akiomba rozari kimyakimya kwenye harusi ya Waislamu. Shangazi Zuleha alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba na sauti ya mwalimu wa zamu. Akamkalisha Shirini kwenye mkeka, akampakatisha kitabu.

"Fumba macho. Usichungulie."

Shirini akafumba. Kitabu kikakaa magotini. Na hapo, kwa mara ya kwanza, Coletha akaelewa alichokifanya. Kitabu kilicholazwa wazi siku zote zile ukurasa mmoja, kitafungukia wapi? Kitafungukia palepale! Nusura asimame apige yowe. Lakini vidole vya Shirini vilishagusa, na kitabu kikajifungua chenyewe, kwa ulaini, kwenye ukurasa wa kidole cha Marselino.

Shangazi akainama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hili ni nini?"

Mtu akachungulia. "Pamba hiyo, Shangazi. Ua la pamba."

Halafu sauti ya bibi mmoja nyuma, ya wale wanaodhani wananong'ona: "Pamba? Si ndiyo wanayomzibia maiti puani?"

Mnong'ono ukapita kwa wanawake kama moto kwenye nyasi. Mama wa bwana harusi akashika kifua. Shirini akafumbua macho, akalitazama ua, akamtazama baba yake, na machozi yakaanza kumtoka. Mzee Kamili hakumtazama mtu yeyote. Marselino, mwenye nia njema siku zote, akainuka na kusema kwa sauti, "Jamani, kosa ni langu, ni mate tu," na mambo yakaharibika zaidi.

Coletha akajikuta amesimama. Maisha yake yote amechora alichoagizwa, akalipwa, akaondoka. Hajawahi kuulizwa maana yake nini. Akapita katikati ya watu mpaka kwenye mkeka, akapiga goti mbele ya shangazi.

"Shikamoo, Shangazi. Nimechora mimi. Naomba niseme."

"Marahaba. Sema."

"Ile ya maiti ni ya dukani. Hili ni ua. Mama yangu alilima pamba Ushirombo, mimi nimekulia mgongoni mwake humohumo shambani. Ua la pamba linafunguka asubuhi, la njano hivi. Kesho yake limeshageuka, la waridi, kama hili la pembeni. Keshokutwa limeanguka chini. Nikiwa mdogo nililia, nikamwambia mama, maua yetu yanakufa! Mama akacheka. Akaniambia, mwanangu, lisipoanguka, tumba halifungi. Likianguka ndipo pamba inaanza." Akamgeukia Shirini. "Leo ni njano, mama. Kuna siku utaamka uone ua limeanguka, mumeo kanuna na wewe umenuna. Usilie, usirudi kwa baba. Subiri. Mama yangu nyumba yake ya bati ilitoka hapo."

Shangazi Zuleha alimtazama kwa juu ya miwani, muda ambao Coletha aliuona mrefu kuliko misa ya Pasaka.

"Mimi nimeolewa na kukaa na mtu mmoja mpaka nikamzika," alisema shangazi. "Nilifungua ndege. Safari njema, wakaniambia. Hakuna aliyeniambia kuhusu siku ya ua kuanguka, na ilikuja." Akageuka kwa wanawake, akapiga makofi mara moja kama darasani. "Wasichana wote wa nyumba hii, sogeeni. Tunaanza upya. Ndege?"

"Safari njema!"

"Komamanga?"

"Watoto!"

"Mti?"

"Subira!"

"Swala?"

"Mume wa kukimbizana naye!" Vicheko.

Shangazi akaweka kidole chake kikavu karibu na ua, bila kuligusa. "Na pamba?"

Walitazamana. Shirini ndiye aliyejibu, machozi yakiwa bado mashavuni, anacheka. "Likianguka, subiri."

"Wote!"

"Likianguka, subiri!" waliitikia, wakubwa kwa wadogo, hata yule bibi wa nyuma, hata Mzee Kamili kwa sauti iliyokwaruza, na vigelegele vikafuata mpaka kuku wakakimbia. Coletha akasikia maneno ya mama yake, mkulima wa Ushirombo asiyejua kusoma, yakisemwa na ukoo mzima wa watu wenye kitabu. Akajifunika uso kwa kitenge, akalia palepale mkekani, bila aibu yoyote.